Mwenye Kovu Usidhani Amepoa

Kila askari, awe wa jeshi au wa polisi, alifundishwa jambo moja tangu siku za ukuruta: bunduki ikishafyatuliwa hairudishwi ghalani kabla haijasafishwa. Hufunguliwa, ikafutwa masizi, ikapakwa mafuta na kukaguliwa, ndipo ikawekwa mahali pake. Asiyefanya hivyo huadhibiwa, kwa sababu masizi ya baruti yakiachwa ndani ya mtutu hula chuma polepole, na siku ya haja silaha humsaliti mwenyewe. Amri hiyo ni njema, wala hatujamsikia mtu akiipinga. Lakini lipo swali linalopasa kuulizwa baada yake. Ikiwa chuma kinahitaji kusafishwa baada ya vita, je, mtu aliyekishika chuma hicho hahitaji?

Wazee wetu walilijibu swali hilo zamani sana, kabla ya kuwako kwa jeshi lenye kombati na kituo cha polisi chenye kitabu cha taarifa. Walisema kwamba anahitaji. Wakatumia majani, maji, moshi na pumzi, kila kabila kwa desturi yake, ili mtu aliyetoka penye damu apate kuingia tena penye watoto. Siku hizi wako wanaozicheka desturi hizo na kuziita ujinga. Wako pia wanaoziamini kupita kiasi, hata wakadhani kwamba jani liliwezalo kutuliza moyo laweza vilevile kuzuia risasi. Sisi tunaonelea kwamba makundi yote mawili yamepotoka, na kwamba kupotoka huko kumegharimu maisha ya watu katika nchi yetu na katika nchi jirani. Haja ya mtu kusafishwa nyumba yake na roho yake ni haja ya kweli. Ikiangaliwa na watu waaminifu huleta amani, na ikiachwa bila mlezi hudakwa na walaghai.

Moshi wa heri

Na tuanze na moshi, maana ndio unaojulikana na wengi. Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Kilwa, chetezo ni chombo cha nyumba kama kilivyo chungu. Mtoto akizaliwa, nyumba hufukizwa. Bibi arusi akipambwa, nguo zake hutandazwa juu ya moshi wa udi zikashika harufu. Mtu akifariki, chumba alimooshewa hufukizwa ubani ili harufu ya mauti iondoke na wafiwa wapate kupumua. Wala jambo hili si la dini moja. Katika Kanisa Katoliki padri hupunga chetezo mbele ya altare na juu ya jeneza, na Injili ya Mathayo inataja uvumba na manemane pamoja na dhahabu katika zawadi alizoletewa mtoto Yesu.

Vitu vyenyewe havina siri. Ubani ni utomvu wa miti midogo ya nchi kavu imeayo kaskazini ya Somalia, Ethiopia, Yemeni na jimbo la Dhofar huko Omani. Mvunaji huchanja gome, utomvu mweupe ukachuruzika kama machozi, ukakauka kwa siku kadhaa, kisha hurudi akaukwangua. Kaskazini ya Kenya pia wafugaji huokota utomvu wa miti ya jamii hiyo wakauuza. Udi halisi watoka mbali zaidi, katika misitu ya Asia ya kusini-mashariki. Ni mti ambao ukijeruhiwa na kuingiwa na ukungu, moyo wake hujaa utomvu mweusi wenye manukato, na mti usiopatwa na jeraha hilo hauna thamani kwa wafanyao biashara ya udi. Hapo pana funzo kwa askari, nalo ni kwamba jeraha si lazima liwe mwisho wa thamani ya kitu.

Askari wetu wengi wameijua harufu hiyo mbali na kwao. Tangu mwezi wa Machi 2007, vikosi vya Uganda vilipotua Mogadishu chini ya Umoja wa Afrika, vijana wetu wamelinda mitaa ya nchi ambayo ndiyo kwao ubani. Katika nyumba za Kisomali mama hufukiza uunsi jioni katika chetezo cha udongo kiitwacho dabqaad, hata kama mchana mzima ulikuwa wa milio ya bunduki. Hatudhani kwamba mama huyo hajui kuwa moshi hausimamishi vita. Anajua. Lakini anawaambia watoto wake, bila maneno, kwamba vita ni vya nje na kwamba ndani ya kizingiti hiki bado pana nyumba. Hiyo ndiyo kazi ya moshi wa heri, nayo si kazi ndogo.

Hapa kwetu bara majani ndiyo yatumikayo zaidi. Mvumbasha, ambao Waganda huuita mujaaja, hupandwa karibu na mlango, na harufu yake huwachukiza mbu. Majani ya mkaratusi hutiwa katika sufuria ya maji ya moto, mwenye mafua akajifunika shuka na kuvuta ule mvuke. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ndugu zetu wa Tanzania walilifanya jambo hilo kwa wingi na kuliita kupiga nyungu. Mvuke huo hufungua pua na kumpa mgonjwa nafuu, lakini hakuna uthibitisho kwamba huua virusi vya korona. Tofauti hiyo baina ya kupewa nafuu na kuponywa ndiyo tunayotaka msomaji aishike mpaka mwisho wa makala haya.

Yai na jani la opobo

Kwa askari, desturi iliyo nzito kuliko zote ni ile ya kumpokea mtu atokaye vitani. Waacholi wa kaskazini ya nchi yetu wanayo imani kwamba mtu aliyeua, au aliyepita penye maiti wasiozikwa kwa heshima, aweza kufuatwa na cen, yaani roho yenye kisasi ya marehemu. Mtu mwenye cen hulala akapiga kelele, huona nyuso za waliokufa, hukasirika bila sababu, hujitenga na jamaa, na pengine humdhuru mkewe au kujidhuru mwenyewe. Msomaji aliyekaa kambini hana haja ya kuelezwa zaidi. Daktari wa magonjwa ya akili akiorodheshewa dalili hizo atazitambua mara moja, ingawa ataziita kwa jina jingine na kusema kwamba chanzo chake ni kiwewe cha vita. Wawili hao hawakubaliani juu ya chanzo, ila mgonjwa wao ni mmoja.

Kwa hiyo Waacholi hawamwachi mtu aliyekaa mbali kwa muda mrefu aingie nyumbani hivi hivi tu. Penye lango la boma huwekwa yai bichi, tawi la mti uitwao opobo, na layibi, ambayo ni fimbo ya kufungulia ghala la nafaka. Arudiye hukanyaga yai likapasuka, akavuka, ndipo akapokewa na jamaa. Kila kitu hapo kina maana yake. Yai halina mdomo wala halijui uovu, hivyo lasimama mahali pa usafi aliokuwa nao mtu kabla hajaondoka. Opobo hutoa ute unaoteleza na watu wa zamani waliutumia kama sabuni. Layibi humkumbusha kwamba chakula cha ghala hili ni chake tena. Desturi hiyo huitwa nyono tong gweno. Wakati wa vita vya kundi la LRA, vilivyoanza miaka ya 1980 na kukoma katika ardhi ya Uganda mwaka 2006, maelfu ya vijana waliotekwa na kulazimishwa kupigana walirudi makwao kwa kulikanyaga yai hilo.

Iko pia desturi kubwa zaidi, nayo ni mato oput. Hiyo haifanywi kwa harufu nzuri. Baada ya kosa la kuua kukiriwa na fidia kulipwa, koo mbili zilizokosana huinama pamoja na kunywa katika kibuyu kimoja maji machungu ya mzizi wa mti uitwao oput. Uchungu huo ndio ushahidi wenyewe, kwamba yaliyotokea hayakuwa matamu na kwamba wameyameza pamoja. Makubaliano ya Juba ya tarehe 29 Juni 2007, baina ya Serikali ya Uganda na LRA, yalizitaja kwa majina desturi za namna hii za Waacholi, Walango, Wateso na Wamadi kuwa sehemu ya njia ya haki na upatanisho. Ni kweli kwamba kiongozi wa LRA hakutia saini mkataba wa mwisho. Hata hivyo lililoandikwa Juba halikufutika: mambo ambayo wengine waliyaona ya kijijini yalikubaliwa katika meza ya mataifa.

Wala Waacholi si peke yao. Nchini Msumbiji, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokoma kwa mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, maelfu ya askari, na miongoni mwao watoto, walirudi vijijini. Katika sehemu za kusini waganga na wazee waliwapokea kwa desturi za kutakasa. Nguo alizokuja nazo mtoto kutoka porini ziliteketezwa. Alifukizwa moshi wa majani ya dawa akauvuta, akaogeshwa maji ya mizizi, kisha akaambiwa asigeuke kutazama nyuma. Wataalamu waliochunguza mambo hayo waliandika kwamba familia ziliona desturi hizo ndizo zilizowawezesha kukaa tena na watoto wao bila hofu. Hilo ndilo jambo ambalo dawa ya kidonge haiwezi kulifanya peke yake. Kidonge humwingia mgonjwa. Desturi humwingia mgonjwa, na mama yake, na jirani yake aliyekuwa akimwogopa.

Pumzi ya uwanja wa shabaha

Tumesema juu ya majani na moshi. Sasa tuseme juu ya pumzi, ambayo haina gharama wala haihitaji mganga. Na hapa askari ana bahati, kwa kuwa amekwisha kufundishwa nusu ya elimu hiyo bila kuijua. Katika uwanja wa shabaha mkufunzi humwambia kuruta: vuta pumzi, iachie, na katika ule utulivu ulio baina ya kutoa na kuvuta tena, ndipo uvute kifyatulio. Sababu yake ni dhahiri. Kifua kinachopanda na kushuka huyumbisha mtutu. Lakini iko sababu nyingine: mtu atoapo pumzi taratibu, moyo wake nao hupunguza mwendo. Mshipa wa fahamu utokao kwenye ubongo kushuka hadi moyoni na tumboni hupeleka amri ya utulivu, na mwili uliokuwa tayari kwa mapigano huanza kushusha silaha zake.

Basi iliyomfaa askari kwa kulenga itamfaa pia kwa kutulia. Majeshi na vikosi vya polisi vya nchi nyingi hufundisha zoezi jepesi la hesabu ya nne. Vuta pumzi kwa kuhesabu mpaka nne, izuie mpaka nne, iachie mpaka nne, kaa bila kuvuta mpaka nne, kisha rudia. Mzunguko mmoja huchukua kama sekunde 16, ambapo mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Dakika tano za zoezi hilo kabla ya kuingia nyumbani, baada ya doria mbaya au baada ya kuokota maiti wa ajali barabarani, zaweza kumwepusha mtu asiyamwage nyumbani mambo yaliyompata kazini.

Na hili nalo si geni kwa wahenga. Wafuasi wa tarika ya Qadiriya, walioenea kutoka Unguja hadi Ujiji, hufanya dhikri yao kwa kufuata mpando na mshuko wa pumzi pamoja. Mkristo asaliye kwa kurudiarudia sala fupi hupumua taratibu bila kukusudia. Mama abembelezaye mtoto huimba kwa mdundo wa kifua chake, na mtoto husinzia. Hakuna dini iliyo na hakimiliki ya pumzi. Asiye na dini aweza kuhesabu tu, na moyo wake utamtii vilevile.

Dawa ya risasi ni dawa ya kufa

Sasa tufike mahali penye hatari. Mtu akishaonja utulivu wa jani na moshi, huja mwingine akamwambia: jani hili hili lina nguvu kuliko unavyodhani. Historia ya sehemu hii ya Afrika imejaa makaburi ya watu waliosadiki maneno hayo.

Mwaka 1905, huko Ngarambe katika Tanganyika ya kusini, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, akasema kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Madai ya watu yalikuwa ya haki, maana walikuwa wakilazimishwa kulima pamba na kulipa kodi kwa mijeledi. Maji yale yaliyaunganisha makabila ambayo hayajapata kusimama pamoja. Lakini Wajerumani walimnyonga Kinjikitile mwezi wa Agosti mwaka ule ule, na mwisho wa mwezi huo huo, wapiganaji walipoiendea ngome ya Mahenge, bunduki za rashasha ziliwafyeka safu kwa safu. Vita vya Majimaji vilipokwisha mwaka 1907, Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000, wengi wao kwa njaa, na wanahistoria wa baadaye wameipandisha hesabu hiyo sana. Mwaka 1964 waasi wa Simba huko Kongo waliingia vitani wakilitaja jina la Mulele na maji yake, wakafa vivyo hivyo.

Nasi Uganda tulipata funzo letu. Mwezi wa Januari 1986, serikali ya kijeshi ilipoanguka Kampala, askari wengi wa jeshi lililoshindwa walirudi kaskazini kwao. Wachunguzi wa historia hiyo wameandika kwamba wengi wao hawakupitia desturi za kusafishwa. Baadhi walizikataa, na wazee wakalalamika kwamba vijana wamewaletea cen kutoka vitani. Nyumba hazikukalika. Vijana hawakuwasikiliza wazee, na wazee waliwaogopa vijana. Katika ufa huo ndimo alimopita Alice Auma, aliyejulikana kwa jina la Lakwena. Aliwaambia askari hao kwamba yeye atawasafisha. Na kweli aliwapa kile walichokuwa wakikihitaji: maji ya kutakasa, miiko ya tabia njema, nyimbo, na hali ya kuhesabiwa tena kuwa watu. Laiti angeishia hapo.

Lakini hakuishia hapo. Aliwapaka mafuta ya moo yaa na kuwaahidi kwamba risasi hazitawaingia, na kwamba mawe watakayoyatupa yatalipuka kama mabomu. Iliwekwa miiko ishirini, na mmojawapo ulimkataza mpiganaji kujificha nyuma ya mti au kichuguu. Askari yeyote asomaye maneno haya anajua maana yake. Watu waliamriwa kwenda wima, wakiimba, kuelekea kwenye bunduki. Wakafika mpaka karibu na Jinja mwishoni mwa mwaka 1987, na huko wakasambaratishwa. Alice alikimbilia Kenya, akafia katika kambi ya wakimbizi mwezi wa Januari 2007. Vijana waliomfuata walikuwa wamekwisha kutangulia zamani.

Tunawaomba wasomaji waitazame kwa makini hila iliyomo ndani ya dawa za namna hii. Mpiganaji akifa, husemwa kwamba alivunja mwiko: labda alikula kilichokatazwa, au alilala na mwanamke, au aliogopa. Akipona, husemwa kwamba dawa imefanya kazi. Kwa hesabu hiyo dawa haishindwi kamwe, na kila afaye ndiye mwenye hatia ya kifo chake mwenyewe. Jambo lisiloweza kuonekana kuwa la uongo hata likitokea nini halifai kuwa ngao ya mtu mwenye watoto. Ngao ya askari ni mafunzo, nidhamu, kofia ya chuma, na mwenzake aliye kando yake.

Moshi nao una sumu

Hata moshi wa heri una mipaka yake, na tusipoitaja tutakuwa tumewadanganya wasomaji wetu. Chetezo huwashwa kwa makaa, na makaa yawakayo katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huishika damu na kuinyima oksijeni, mtu akaumwa kichwa, akalegea, akalala asiamke. Harufu tamu ya udi haiwezi kumwonya aliyelala. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika vyumba vidogo vya askari, na hasa katika vile vibanda vya mabati vya duara ambavyo polisi wetu walivipa jina la mama ingia pole, ambamo familia nzima hulala penye mlango mmoja. Basi atakayefukiza na afungue mlango na dirisha, na makaa yatoke nje kabla ya watu kulala. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani, hasa wa kupikia, ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Mwenye pumu, mjamzito na mtoto mchanga wasikalishwe penye moshi, hata ukiwa wa ubani wa bei gani.

Tena wako matapeli. Mshahara wa askari unajulikana siku unapotoka, na walaghai wanaijua siku hiyo kuliko mkewe. Huja na chupa ya mafuta ya cheo, hirizi ya kupendwa na mkubwa wa kazi, au dawa ya kufukizia nyumba ambayo bei yake hupanda kila mwezi kwa sababu eti adui ameongeza nguvu. Kwa ndugu zetu polisi jambo hili ni la kazi pia. Nchi yetu inayo sheria ya mwaka 2019 juu ya tiba za asili, inayotaka watoaji wa tiba hizo waandikishwe, na inayo sheria ya mwaka 2021 iliyopiga marufuku kafara ya binadamu. Polisi anayezijua sheria hizo mbili hatamsumbua bibi auzaye mvumbasha sokoni, wala hatamwachia mtu adaiye damu ya mtoto kwa sababu ya kuogopa hirizi zake.

Yatupasayo

Basi tufanye nini? Kwanza, tunaonelea kwamba wakuu wa vikosi wasione haya kumpa askari atokaye vitani ruhusa ya kwenda kwao kupokewa kwa desturi ya watu wake, kabla hajapangiwa lindo jingine. Siku chache za ruhusa si hasara kwa kikosi. Askari aliyepokewa na wazazi wake hurudi kazini akiwa mzima, naye asiyepokewa hubeba mzigo ambao siku moja ataushusha mahali pasipofaa, pengine kwa risasi.

Pili, padri, sheikh na mzee wa desturi wafanye kazi pamoja na mganga wa kambi, kila mmoja akijua mahali pake. Askari ambaye hajalala kwa wiki kadhaa, anayesikia sauti, anayekunywa pombe ili asahau, au anayewaza kujiua, hana budi kufikishwa kwa daktari. Hospitali ya Butabika haikujengwa kwa ajili ya watu wa kuchekwa. Jani la opobo halimkatazi mtu kumeza dawa, na kidonge hakimkatazi mtu kukanyaga yai. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tatu, pumzi ya hesabu ya nne na ifundishwe kwa kuruta pamoja na shabaha, tena ifanywe na kikosi kizima baada ya kazi ngumu, ili asiwepo aonaye aibu kuifanya peke yake. Nne, mtu yeyote atakayeleta kambini dawa ya kuzuia risasi achukuliwe kama mtu aliyekata kamba ya mwenzake mtoni. Asichekwe wala asivumiliwe.

Mwisho tunawageukia wake na waume wa askari, ambao ndio wenye nyumba. Mwenzio akirudi kutoka kazini akiwa kimya, usimlazimishe kusema siku ile ile. Fagia ua, fungua madirisha, chemsha maji ya majani ayapendayo, na ukitaka kufukiza fukiza kidogo. Mwache apumue. Kisha siku ya pili au ya tatu, muulize alikuwa wapi. Moshi utakuwa umekwisha kutawanyika, na harufu itakuwa imebaki kidogo tu katika nguo. Lililobaki ni la kusema na kusikilizwa, na hilo hakuna jani liwezalo kulifanya kwa niaba yenu.